Keja Kwanza

Saa nane usiku, keja yangu huku Mtwapa, kitu inagonga. Ta. Inatulia. Ta-ta. Jirani wa ukuta wa pili alishaniuliza kama kuna fundi nalazanga. Hakuna fundi. Ni msee wa sentimita nane, mwili kijani, anavunja konokono ndani ya tangi la kioo, hatua mbili kutoka kwa kitanda yangu. Anapiga, anageuza, anapapasa, anapiga tena pale pale. Kwa giza sioni kitu, lakini hiyo sauti inaniambia ako fiti. Siku akinyamaza bila sababu ndio mimi sidozi.

Kwa vitabu vya sayansi jina lake ni Gonodactylus smithii. Mimi na mbogi yangu tunamwita kamba vunjajungu, ju mikono ameikunja kifuani kama yule mdudu wa majani, vunjajungu, anayekaa kama ako kwa maombi. Na ju ya neno lenyewe pia: huku Pwani watu huvunja jungu Ramadhani ikikaribia, na huyu akikasirika anavunja zaidi ya jungu. Lakini ukweli ni kwamba si kamba. Kamba, kaa na kamba mti ni mabinamu wa mbali tu. Ukoo wake ulijitenga kitambo, hata kabla ya dinosau, na leo una aina zaidi ya 450. Kuna wenye kudunga na wenye kuponda. Wa kudunga wana mikono ya miiba, wanajificha kwa mchanga wakingoja samaki ajilete. Wa kuponda wana rungu kwa kiwiko. Wangu ni wa rungu.

Wasee wakiingia kwa keja wote wanataka stori ya ngumi, so wacha niitoe mapema. Mwaka 2004 mwanasayansi Sheila Patek na wenzake, wakiwa California, walimpiga picha ndugu yake mkubwa wa rangi nyingi, Odontodactylus scyllarus, na kamera ya kasi. Rungu lilifika mita 23 kwa sekunde, na hiyo ni ndani ya maji. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa, nganya ikiwa Thika Road na hakuna jam. Msuli peke yake hauwezi hiyo kazi. Anaufunga mkono kama mtego, kipande cha gamba chenye umbo la tandiko kinajipinda na kuweka nguvu, halafu komeo linaachilia. Rungu linapita haraka mpaka maji mbele yake yanageuka mvuke, povu linatokea, na likipasuka linampiga konokono mara ya pili. Yaani kila ngumi moja unayoskia ni mbili.

Na hilo rungu halipasuki kirahisi. Mwaka 2012 kikosi cha mtafiti David Kisailus kilionyesha venye limejengwa: nje kuna tabaka la madini ya ukoo mmoja na yale ya meno na mifupa yetu, ndani kuna nyuzi zilizopangwa zikizunguka kama ngazi ya ghorofa. Ufa ukianza, unazungushwa na hizo nyuzi mpaka unachoka. Likichakaa, anabambua gamba na kupata jipya.

Sasa lile swali lingine. Je, atavunja tangi? Mwaka 1998 kule Great Yarmouth, Uingereza, mmoja aliyeitwa Tyson alipasua kioo cha tangi lake, so si hadithi ya vijiweni. Wangu ni mdogo, na kioo cha milimita nane kutoka kwa fundi wa vioo kinamtosha. Lakini chini ya mchanga nimelaza karatasi ngumu ya plastiki. Huyu huchimba, na akichimba mpaka mwisho, kitu ya kwanza anakutana nayo ni sakafu.

Ngumi imetosha. Kenye nataka tubonge ni keja.

Mimi nimezaliwa Kayole, na msee wa Kayole anajua thamani ya mlango unaofungika. Nilikuja Mtwapa nikiwa na miaka 21, nikapata kazi ya kutengeneza simu, nikapanga chumba kimoja kwa ploti yenye mwembe. Bahari nilikuwa naionanga kwa kalenda tu. So siku za kupumzika nilikuwa nashuka ufuoni maji yakipwa, nazubaa tu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanarudi mbali mbaya na mwamba wote unabaki wazi, na hapo unawapata wamama na wazee na vyuma vyao wakitafuta pweza shimo kwa shimo.

Huko ndiko nilikutana na babu mmoja mvuvi ambaye mpaka leo ndiye mwalimu wangu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu. Watafuta nini?”

Nilikuwa nimeinama kwa kishimo fulani. Ndani kulikuwa na macho mawili juu ya vijiti, moja linaangalia kulia, lingine linaniangalia mimi. Nilikuwa nishanyoosha kidole.

“Toa mkono! Pweza utamshika. Huyo hashikwi. Atakupasua kidole mpaka ukucha utoke.”

Babu akanieleza kitu sijawahi sahau. Akasema huyo mnyama hakimbii kutoka kwa shimo lake. Pweza akija, anapigania. Kaa akija, anapigania. Mwenzake akija, wanapigana mpaka mmoja ahame. “Kwake shimo ni kila kitu,” akasema. “Ukimtoa humo, umemtoa uhai.”

Nilimskia babu na maskio, lakini si kwa moyo. Baada ya mwezi hivi nilirudi, nikapata jiwe dogo limelala peke yake kwa mchanga na mmoja ndani. Nikalibeba jiwe lote kwa ndoo. Kwa keja nilikuwa na tangi nililojaza maji ya bahari jana yake. Maji yalikuwa safi kwa macho, yanang'aa hadi unaona ukuta. Siku ya tisa alikuwa amelala ubavu nje ya jiwe, miguu inatingika pole pole. Jioni alikuwa amededi.

Sitaki kuficha hiyo. Nilimtoa kwake akiwa mzima, akafia mikononi mwangu, na bado inaniuma. Kenye kilimuua hakionekani na macho. Choo chake na dishi lililobaki viligeuka amonia, na kwa tangi jipya hakuna bakteria wa kuila. Kuna bakteria wa kwanza wanaobadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, halafu wa pili wanaibadilisha kuwa naitreti, ambayo ni afadhali. Hao wote wanataka wakati wa kuzaliana kwa mawe na mchanga. Wiki nne, wiki sita. Hakuna njia ya mkato hapo, hata ukiwa na mkwanja.

So mara ya pili nilijenga keja kwanza.

Nilitafuta mawe. Usiende kuvunja mwamba hai, tafadhali. Huku Pwani nyumba zetu zinajengwa na mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, ya tangu bahari ilipokuwa juu zaidi, na kwa kila mjengo kuna vipande vimetupwa. Niliomba fundi wa mjengo mmoja, akanipea karai mbili bure. Nikasugua, nikaloweka kwa maji tamu, nikabadilisha maji kila siku mpaka yakaacha kuwa meupe. Hilo jiwe lina chokaa, na chokaa ndiyo huyu msee anaitaka ju ya gamba lake. Mawe nikayakalisha kwa ile plastiki ya sakafu kwanza, halafu ndio nikamwaga mchanga, sentimita sita hivi. Ukiweka jiwe juu ya mchanga, atachimba chini yake na nyumba itamwangukia.

Katikati nikalaza kipande cha paipu ya plastiki ya maji, upana wa mwili wake na nafasi ndogo ya kugeuka. Hapa wasee wengi huchanganyikiwa, wanadhani mnyama anafurahia pango kubwa. Hapana. Anataka kubanwa. Anataka shimo ambalo akijikunja, ule mkia wake mgumu unajaza mlango kama ngao. Upande mmoja wa paipu nimeugusisha kwa kioo na nikabandika karatasi nyeusi kwa nje. Nikitaka kumcheki, nainua karatasi kidogo na tochi hafifu. Mwanga mkali simpei. Huyo jamaa wa rangi nyingi nimemtaja juu anajulikana kwa kuoza gamba akiwekwa mahali pana mwanga mwingi na shimo finyu kuliko mwili wake, na sioni sababu ya kumjaribu wangu.

Kando ya paipu nikamwaga vipande vya mawe na maganda, vya kila saizi, kutoka punje ya pojo hadi ndimu. Sikujua kama atavitumia. Hii ndiyo sehemu napendanga kuhadithia zaidi.

Maji nikachota mahali bahari iko wazi, maji yakijaa, mitungi ya lita 20 kwa nduthi. Si kwa hori ya Mtwapa, ju huko maji ya mto na uchafu wa mitaa huingia, na si baada ya mvua. Msimu wa kusi maji huwa machafu na bahari imechafuka, so mimi huweka akiba mapema kwa pipa lenye kifuniko. Nayachuja na kitambaa safi ambacho hakijawahi ona sabuni. Kipimo cha chumvi kinasoma 1.025. Nikaweka pampu, filta, na kipande cha kamba mbichi kioze humo ndani kulisha bakteria. Tangi la lita 60, mawe, mchanga, hakuna mnyama. Wiki sita nilikuwa nalala kando ya tangi tupu. Mathe alinipigia simu akauliza samaki wako aje. Nikamwambia, mathe, bado hajafika, namjengea.

Wiki ya sita amonia ikasoma sufuri, naitraiti sufuri. Ndio nikarudi kwa babu.

Huyu wa sasa alikuja na jiwe la dema. Babu aliinua mtego wake, jiwe moja la uzito likawa na mpangaji. Hatukuvunja kitu. Nilimbeba peke yake kwa ndoo yenye kifuniko na pampu ndogo ya betri, ju ukiweka wawili mmoja hafiki. Kwa keja sikummwaga tu. Nilishusha maji ya tangi ndani ya ndoo tone kwa tone na mrija mwembamba wenye fundo, karibu saa nzima, mpaka maji ya ndoo yakafanana na ya tangi kwa chumvi na joto. Halafu nikaizamisha ndoo, nikamwacha aingie mwenyewe.

Alitoka kama anateleza. Akazunguka tangi lote akifuata ukuta. Akagusa kila jiwe na vile vipapasio vyake. Akafika kwa paipu, akasimama. Akaingia kichwa, akatoka. Akaingia mkia, akatoka. Akagonga paipu mara moja, ta, kama msee anagonga ukuta wa keja kabla ya kulipa diposi. Akaingia. Siku mbili sikumwona.

Usiku wa tatu nikaskia mchanga unasugua. Nikainua karatasi. Alikuwa anabeba mawe. Anatoka, anachagua kipande, anakikumbatia na mikono ya kinywa, anarudi nacho, anakipanga mlangoni. Kikikaa vibaya anakitoa anatupa, anaenda kutafuta kingine. Asubuhi mlango wa paipu ulikuwa umebaki tundu dogo la kupitisha macho tu. Usiku wa nne akaendelea. Kufika wiki, ile paipu yangu ya dukani haikuonekana tena. Alikuwa ameigeuza keja yake. Mimi nimekaa kwa ploti nyingi, Kayole, Umoja, huku, na sijawahi ona mpangaji anajenga hivyo.

Kuna msomi, Roy Caldwell wa Berkeley, amewachunguza hawa kwa miaka mingi. Mwaka 1979 alionyesha kwamba wanamkumbuka mpinzani kwa harufu. Yaani aliyenishinda juzi, nikiskia harufu yake kwa mlango wa shimo, sisumbuki kuingia. Na mwaka 2015 watafiti wengine waliona jambo lingine na aina iitwayo Gonodactylaceus falcatus. Hawa wanyama miili yao inarudisha aina ya mwanga unaojizungusha kama parafujo, ambao mimi na wewe hatuwezi kuutofautisha na mwanga wa kawaida. Uwezo wao wa kuuona uligunduliwa mwaka 2008. Sasa wakiwekwa mbele ya mashimo, yale yenye huo mwanga wanayaepuka, kama vile pameandikwa mlangoni kwamba ndani kuna mtu. Wana lugha yao ya keja, na imeandikwa kwa mwanga.

Macho yenyewe, manze. Kila jicho liko kwa kijiti chake na linazunguka kivyake. Sisi tuna vipokezi vya rangi vya aina tatu, wao wana kumi na mbili. Watu huruka hapo wakisema basi wanaona rangi ambazo hatuwezi kuwaza. Mwaka 2014 walipimwa, ikapatikana kwamba kutofautisha rangi mbili zinazokaribiana hawawezi kutushinda. Inaonekana wanasoma rangi haraka, bila kuwaza sana, kama msee anayejua namba ya mat yake bila kuisoma. Kwangu hiyo inapendeza zaidi kuliko ile ya kwanza. Baada ya miezi miwili wangu alianza kunitazama. Nikiingia kutoka kazi, jicho moja linanifuata kutoka mlango hadi kitanda, lingine linabaki linalinda shimo.

Dishi ni rahisi ukiwa karibu na bahari. Konokono wadogo, kaa wadogo, chaza, mara moja moja kipande cha kamba aliyegandishwa. Mara mbili au tatu kwa wiki, si kila siku. Wenye ganda ni muhimu, ju anataka kazi ya kuvunja, na rungu lake limeumbwa kwa hiyo. Nawaokota mbali na mabomba ya maji taka. Kipande cha nyama namfikishia na kijiti kirefu, kamwe si kidole. Kikibaki baada ya masaa machache nakitoa. Na tafadhali usimletee rafiki wa kukaa naye. Samaki, kamba, kaa, ukiweka chochote hapo umeweka dishi. Anaishi solo na anapenda solo.

Joto ndilo linanisumbua. Yeye anataka nyuzi 24 hadi 27. Chumba changu mwezi wa Machi kinafika 31, bati linawaka. Nilifunga fani mbili ndogo za kompyuta zikipuliza juu ya maji, na hizo zinashusha nyuzi mbili tatu. Lakini fani inakausha maji, na chumvi haipandi na mvuke, inabaki. So kila asubuhi najazia maji tamu, yale yasiyo na klorini, mpaka kwa alama niliyochora kwa kioo. Ukijazia maji ya bahari, baada ya wiki utakuwa na supu ya chumvi. Wasee wa Nairobi shida yenu ni kinyume: Julai mtahitaji hita.

Stima ikipotea, na hupotea, ile pampu ya betri ndiyo inamweka hai. Nimeifunga karibu na tangi, betri za akiba ziko kwa kikombe hapo juu, na hakuna mtu anaruhusiwa kuzitoa hata kwa rimoti.

Halafu kuna hii, na naomba uiskie sana. Dawa ya mbu. Huku mbu ni wengi na kila keja ina mkebe wa kupuliza. Hiyo dawa imetengenezwa kuua wadudu, na kamba na kaa na huyu wangu ni ndugu za wadudu. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja kwa maji. Pulizo moja karibu na tangi lingemmaliza. Mimi natumia neti tu, na mgeni yeyote anaambiwa mlangoni. Pia shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba ndani, na shaba kwa mnyama wa gamba ni sumu. Soma karatasi ya dawa kabla hujatia tone.

Mwezi wa tano aliacha kudishi. Nikamwekea kaa mlangoni, akamsukuma nje. Siku mbili baadaye akaziba mlango wote, tundu lile la macho pia. Kimya. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Beshte yangu akaja, akasema huyo ashadedi, fungua kabla maji hayajanuka. Nilikuwa nishaingiza mkono nusu. Nikakumbuka yule wa kwanza. Nikakumbuka babu: ukimtoa humo, umemtoa uhai. Nikapima maji. Amonia sufuri. Kama angekuwa ameoza humo, kipimo kingesema. Nikautoa mkono, nikaenda kukaa kwa kitanda.

Siku ya nane mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje kulikuwa na mwili wake mzima, mtupu, mweupe wa kupitisha mwanga, macho na rungu na kila kitu. Gamba. Alikuwa amelivua na kulisukuma nje. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, laini kama mkate mbichi, hawezi piga chochote.

Na hapo ndipo nikaona kitu. Nilisogeza kijiti karibu na mlango, kumcheki tu. Akajitokeza hadi kifuani, akafungua mikono yote miwili, zile doa zake za zambarau zikawaka, mwili umevimba. Vitisho vyote vya bondia, na ndani hana ngumi. Caldwell na mwenzake Adams waliandika kuhusu hiyo mwaka 1990, kwa aina ya upande wa Karibea: aliyetoka kubambua, akivamiwa, hutishia ili asipoteze shimo, ingawa akiguswa tu ameisha. Hana kinga nyingine isipokuwa keja na huo ujasiri. Nilishusha kijiti. Nilimwomba msamaha kwa sauti, saa tano usiku, kwa chumba changu, na sioni aibu kuisema hapa.

Tangu siku hiyo, akiziba mlango simgusi, sipigi picha, sihamishi jiwe hata moja. Gamba alilovua namwachia siku chache. Mara nyingine anarudi analila, anajirudishia chokaa.

Sasa wewe unayesoma hii na ushaanza kuwaza ndoo. Mbuga za bahari, Mombasa, Malindi, Watamu, Kisite, hutoi kitu humo, hata ganda tupu, na walinzi wa KWS wako kazini. Nje ya mbuga pia hakuna kujichotea: pitia kwa ofisi ya uvuvi na kamati ya ufuo huo, ile BMU, ujue ruhusa gani inatakiwa, kabla maji hayajapwa. Usivunje tumbawe kumfikia. Usimwagie dawa ya kufulia kwa shimo. Kama ako ndani ya mwamba, huyo si wako, mwache. Ukimchukua, usimchanganye na wanyama wa dukani halafu siku umechoka ukamrudisha baharini, ju utakuwa umerudisha na magonjwa yao. Na kabla ya hayo yote lala wiki sita kando ya tangi tupu. Ukishindwa na hizo wiki sita, hutaweza miaka, na wanyama hawa huishi miaka kadhaa wakitunzwa.

Wangu leo ana miezi kumi na minne kwangu. Babu alikuja kumwona mwezi uliopita, akavua viatu mlangoni, akakaa kwa stuli akimtazama kitambo bila kusema kitu, halafu akaniambia, “Amekubali.”

Jana usiku ameziba mlango tena, mara ya nne. Ukitaka kuja kumcheki, karibu Mtwapa, lakini ngoja wiki mbili zipite.